Kizibo Kimoja kwa Kila Shina

Jioni hii tuzungumze majani ya ng'ombe, na chakula cha majani yenyewe.

Naanzia Nsemulwa, hapa kwetu Mpanda mkoani Katavi, kwa sababu swali limetoka huko. Kata ile sasa ni mji. Nyumba zimesogeleana, viwanja vimepimwa, na mtu ambaye baba yake alichunga porini leo anafuga ng'ombe wawili watatu wa maziwa bandani, nyuma ya nyumba, akiwa na robo eka ya matete pembeni. Maziwa anauza kwa majirani. Mfugaji wa namna hiyo ameniuliza: nasikia kuna mbolea ya naitrojeni inayotoka polepole, unaiweka mara moja tu, majani yanakula msimu mzima. Je, ni kweli ipo? Na kama ipo, inanifaa mimi?

Ipo. Kama inamfaa, hapo ndipo penye maneno, na jibu langu nalitoa mapema tusizungushane. Kwa robo eka ya Nsemulwa, kile tunachokitafuta kwenye mbolea ile ya bei, yaani naitrojeni kutoka kidogo kidogo, tunaweza kukipata kwa mkono, kwa samadi iliyotunzwa, na kwa kuijua mvua yetu. Ila ili mtu akubaliane nami au anikatalie kwa haki, kwanza tuone urea inapotelea wapi.

Ichukue urea, ile mbolea nyeupe ya chenga tunayoikuzia mahindi. Karibu nusu ya uzito wake, asilimia 46, ni naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Chenga ikigusa udongo wenye unyevu haikawii kuyeyuka. Kwenye udongo kuna kimeng'enya kinachoivunja urea ikawa amonia, na kimeng'enya hicho kimejaa zaidi kwenye mabaki ya majani yaliyolala juu ya ardhi. Urea ikivunjwa ikiwa imefukiwa, amonia inashikwa na udongo, inatulia. Ikivunjwa juu juu, kwenye yale mabaki, jua la Mpanda linawaka na mvua imekata siku nne tano, amonia inaruka hewani. Harufu yake kila mfugaji anaijua: ndiyo ile inayochoma macho ukiingia kwenye banda lililolowa mkojo na halijasafishwa. Ukiisikia shambani baada ya kumwaga urea, ujue unanusa fedha uliyolipa dukani.

Amonia iliyobaki ardhini, bakteria wa udongo wanaigeuza kuwa naitreti katika muda wa wiki mbili tatu. Majani yanaipenda naitreti, lakini udongo hauishiki. Ikinyesha mvua kubwa ya Januari, inazama nayo chini, mizizi mifupi isiifikie. Na kwenye mbuga, penye udongo mweusi unaotuamisha maji, bakteria wa aina nyingine wanaigeuza kuwa gesi ikapotea tena. Kwa hiyo urea ina milango mitatu ya kutokea: hewani ikiwa amonia, chini na maji ya mvua, na hewani kwa mara ya pili ikiwa gesi ya mbuga.

Watengenezaji wa mbolea ya kutoka polepole wamejaribu kuifunga milango hiyo mmoja mmoja. Miaka ya 1960 shirika la serikali ya Marekani, Tennessee Valley Authority, kwenye kituo chake cha Muscle Shoals, Alabama, liliivika urea ganda la salfa. Maji yanapenya polepole kwenye nyufa za ganda, urea inatoka kwa awamu. Baadaye likaja ganda la polima, yaani plastiki nyembamba, ambalo utokaji wake unakadirika vizuri zaidi. Wengine wakaacha ganda, wakachanganya urea na dawa ya kukizuia kile kimeng'enya kisifanye kazi kwa siku kadhaa, ili mvua ipate nafasi ya kuishusha urea chini kabla haijaruka. Wengine wakatafuta dawa ya kuwapunguza kasi bakteria wa naitreti.

India wamekwenda njia ambayo kwa sisi ni rahisi kuielewa: mwarobaini. Watafiti wao waliona miaka mingi iliyopita kwamba urea ikichanganywa na mashudu au mafuta ya mwarobaini, bakteria wale wanapunguza kasi. Mwaka 2015 serikali ya India iliagiza urea yote inayotengenezwa nchini humo ipakwe mafuta ya mwarobaini. Mwarobaini huo huo tunaochemsha majani yake kwa homa. Sisemi mtu akatwange mbegu leo usiku akamwage shambani kesho. Nasema tu kwamba nchi yenye wakulima wadogo kwa mamilioni haikungoja ganda la plastiki ndipo iipunguze urea kasi.

Na New Zealand wametupa onyo ambalo mwenye ng'ombe wa maziwa asilisahau. Kule walikuwa wakitumia dawa inayoitwa DCD kwenye malisho, kuwazuia bakteria wa naitreti. Mabaki yake yakakutwa kwenye maziwa kwa viwango vidogo sana, na mwanzoni mwa 2013 kampuni za mbolea zikaiondoa sokoni. Haikusemwa kwamba imemdhuru mtu. Ilitosha kwamba imefika kwenye maziwa. Kitu unachoweka kwenye majani kinaweza kupita kwa ng'ombe kikafika kwenye kikombe cha mtoto, na mfugaji wa Nsemulwa anayemuuzia jirani yake ana deni la uaminifu zito kuliko hata la kampuni kubwa, maana jirani hana maabara ya kupimia.

Sasa turudi kwetu. Tuseme ile mbolea ya ganda imeshuka Mpanda, kwa lori au kwa reli ya Kaliua, ipo dukani. Mtu ainunue?

Jambo la kwanza ni joto. Ganda la polima linafungulia urea kwa kufuata joto la udongo. Muda ulioandikwa kwenye mfuko, miezi mitatu, miezi minne, umepimwa kwenye joto la nyuzi 21 au 25. Udongo wetu ulio wazi, mchana wa Desemba kabla majani hayajaufunika, unapita hapo. Mbolea ya miezi minne kwetu itaisha mapema kuliko ilivyoandikwa.

La pili ni mvua, na hili ndilo zito. Katavi ina msimu mmoja. Mvua inaanza Novemba, inakoma Aprili, kisha kuanzia Mei mpaka Oktoba ni kiangazi kikavu. Mbolea ya polepole ilibuniwa zaidi kwa mahali ambapo majani yanakua kwa muda mrefu bila kukatika, au yanamwagiliwa. Hapa kwetu majani yana haraka. Yanataka naitrojeni nyingi kati ya Desemba na mwanzo wa Machi, wakati jua lipo, maji yapo na shina linachipua baada ya kila mkato. Mbolea inayochelewa ikabakiza theluthi yake ardhini mwezi Mei imekosa mlaji, kwa sababu maji yamekwisha na majani yamesimama. Kwetu polepole ina kipimo chake: isiende haraka ikapotea, na isichelewe ikakuta mvua imeondoka.

La tatu halisemwi sana na wauza mbolea. Majani ya kudumu si mahindi. Shina la matete lililokaa miaka miwili lina mizizi mingi mno, imesukana udongo mzima kati ya mstari na mstari, na iko tayari siku mbolea inapofika. Mahindi yakiwekewa urea yangali madogo, mizizi yake haijajaza shamba, naitreti inazama. Kwenye matete au brakiaria iliyofunga vizuri, naitreti inayopotea chini ni kidogo kuliko shamba la mahindi. Mlango mkubwa wa hasara kwenye majani yetu ni ule wa kwanza, wa amonia kuruka, na mlango huo unafungwa kwa jembe.

Hata hivyo nisiinyime mbolea ile haki yake. Inasaidia mambo mawili kweli. Inapunguza kazi, kwa sababu unaweka mara moja badala ya tatu, na mwenye hekta mia anayekodi vibarua ataliona hilo kwenye hesabu zake. Pia inasawazisha mikato. Majani yakipewa naitreti nyingi kwa mpigo yanaichukua nyingi kuliko yanavyoihitaji, kama familia iliyopokea mahindi ya mwezi ikayapika wiki moja: mkato wa kwanza unakuwa na protini ya kumwaga, wa pili wa wastani, wa tatu njano. Mbolea ya polepole inaugawa ule utajiri mpaka mkato wa mwisho. Ndiyo faida yake halisi kwenye malisho, na ndiyo tunayoitaka. Bei yake ndiyo inayonirudisha nyuma, maana naitrojeni ya ndani ya ganda la polima huuzwa ghali mara mbili na zaidi kuliko ya urea ya kawaida, na mwenye robo eka ana mikono.

Basi tuione hiyo kazi ya mikono kwa karibu.

Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Ukipanda matete mita moja kati ya mstari na mstari, na nusu mita kati ya shina na shina, una mashina 2,000. Kizibo cha chupa ya soda kilichojazwa urea na kusawazishwa kinabeba takriban gramu 5. Kizibo kimoja kwa shina, mashina 2,000, ni kilo 10 za urea. Ukifanya hivyo mara tatu kwa msimu umetumia kilo 30, hata mfuko mmoja haujaisha. Ndani ya kilo hizo 30 kuna karibu kilo 14 za naitrojeni safi.

Namna ya kuweka ndiyo kazi yenyewe. Kata matete yakiwa yamefika kiunoni au kidogo zaidi ya hapo, uache kisiki cha kiganja kimoja kutoka ardhini. Siku udongo una unyevu, chimba kashimo kwa ncha ya jembe, kina cha vidole vinne, kandokando ya shina, siyo juu ya shina lenyewe. Mimina kizibo, fukia, kanyaga kidogo. Urea ikiwa chini namna hiyo, amonia inayotoka inakutana na udongo kabla haijakutana na hewa. Rudia baada ya mkato unaofuata, yaani kila wiki sita hadi nane. Mara ya kwanza ni Desemba, mvua ikishakolea na udongo umelowa mpaka chini, siyo mvua ya rasharasha ya mwanzo wa Novemba inayodanganya. Ya pili ni mwishoni mwa Januari. Ya tatu iwe mwanzoni mwa Machi, isipite hapo, ili mkato wake uingie ghalani au kwenye shimo la sileji kabla mvua haijakoma.

Ni kazi ya kuinama. Mashina 2,000 si machache, na kwenye nyumba nyingi wa kuinama ni mama na watoto, nami sitaki kulifanya jepesi jambo ambalo mgongo wa mtu mwingine ndio utakaolibeba. Asiyeweza vishimo achore mfereji mwembamba kwa jembe kati ya mistari, anyunyize humo, afukie. Hasara inaongezeka kidogo, lakini bado ni bora mara nyingi kuliko kumwaga juu. Na asiyeweza hata huo, asubiri jioni ambayo mvua inaonekana inakuja, amwage, mvua ya usiku iishushe.

Sasa hesabu ya upande wa pili, ya kinachotoka shambani. Majani ni chakula kilichotengenezwa kwa naitrojeni. Protini yote inapimwa kwa naitrojeni: gawanya protini kwa 6.25, unapata naitrojeni iliyomo. Tani moja ya majani makavu yenye protini asilimia 10 inaondoka shambani na kilo 16 za naitrojeni, ambayo ni sawa na kilo 35 za urea. Umeibeba kwenye mzigo wa majani kutoka shambani hadi bandani. Shamba la majani ya kukata ni shamba linalovunwa mara nne kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, na halirudishiwi kitu. Ndiyo maana matete mengi ninayoyaona pembezoni mwa mji, mwaka wa kwanza yanampita mtu kimo, wa tatu yanamfika gotini, na mwenyewe anasema mbegu imezeeka. Mbegu haijazeeka. Imekula akiba ya ardhi ikaimaliza.

Na majani yenye njaa yanamtia ng'ombe njaa akiwa amejaza tumbo. Protini ya majani ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumboni vinavyosaga nyuzi vinakosa chakula chao, majani yanakaa tumboni muda mrefu, ng'ombe anakula kidogo zaidi kila siku. Majani makavu ya miombo mwezi Septemba yako chini sana ya kiwango hicho. Ng'ombe amesimama katikati ya majani ya kumfika tumboni, na mbavu zinahesabika.

Kwa hiyo kilo 14 za kizibo hazitoshi peke yake kwa anayevuna majani mengi. Zinazobaki zipo nyumbani tayari. Ng'ombe wa maziwa akila naitrojeni, robo yake au pungufu ndiyo inayokwenda kwenye maziwa. Sehemu kubwa iliyobaki inatoka kwenye mavi na mkojo. Ile ya kwenye mavi imefungwa ndani ya mabaki ya majani na miili ya vijidudu, na udongo unaifungua taratibu, mwaka huu sehemu, mwakani sehemu. Hiyo ndiyo mbolea ya polepole aliyonayo kila mfugaji wa Nsemulwa, na haina plastiki. Ile ya kwenye mkojo ni urea hasa, na inapotea kwa mlango ule ule: inaruka hewani. Ukitandika bandani majani ya mpunga kutoka Mwamkulu au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, mkojo unanyweka humo. Toa matandiko yale, yarundike kivulini, yafunike kwa udongo mwembamba au majani ya mgomba, uyaache miezi miwili mitatu kabla ya kuyafukia kati ya mistari ya matete mvua zinapoanza.

Hapa nina ombi maalumu, kwa sababu tabia hii nimeiona mara nyingi. Tusichanganye majivu na samadi mbichi. Majivu ni chokaa ya jikoni, na chokaa ikikutana na mkojo au na urea inaifukuza amonia iende hewani haraka zaidi. Majivu yana faida yake shambani, yana potashi. Yapelekwe siku nyingine, mahali pengine, yasikutane na samadi rundoni wala na urea kwenye debe moja.

Kwa asiye na samadi ya kutosha zipo mbolea za kati. Kiwanda cha Itracom kilichopo Nala, Dodoma, kinatengeneza mbolea za chapa ya FOMI zinazochanganya samadi na virutubisho vya madini kwenye chenga moja. Sehemu ya madini inafanya kazi mapema, ile ya samadi inafuata nyuma. Kwenye ruzuku ya mbolea, iliyozinduliwa Mbeya siku ya Nanenane mwaka 2022, mazungumzo yetu yamekuwa ya mahindi na mazao ya biashara. Ningependa siku moja kwenye mkutano wa kata mfugaji asimame aulize kuhusu majani bila mtu kucheka. Malisho ni zao. Linapandwa, linapaliliwa, linawekewa mbolea, linavunwa na kuuzwa likiwa maziwa.

Wenzetu wameliona hilo zamani, tena kwa majani yetu. Miaka ya 1960 watafiti wa Kifaransa walizunguka Afrika Mashariki wakikusanya majani ya panikamu, na baadhi waliyachukua Korogwe, mkoani Tanga. Majani yale yakafika Brazil, shirika la utafiti la Embrapa likayachambua, na mwaka 1990 likatoa aina iliyopewa jina Tanzânia, kisha mwaka 1993 nyingine, Mombaça. Leo mfugaji wa Brazil ananunua mbegu yenye jina la nchi yetu. Brakiaria nazo ni za Afrika, na ndizo zilizofunika sehemu kubwa ya malisho yanayolisha ng'ombe wa Brazil, ambao ni zaidi ya milioni 200. Nao wamepata adhabu ile ile ya matete yetu: waliolisha miaka mingi bila kurudisha naitrojeni wameachiwa mamilioni ya hekta ya malisho yaliyochoka.

Kwenye hizo brakiaria kuna jambo jingine ambalo mimi linanifurahisha kuliko mbolea yoyote ya kiwandani. Watafiti wa kituo cha JIRCAS cha Japani na wa CIAT cha Colombia waligundua kwamba brakiaria humidikola, jani la Afrika linalopenda mahali penye maji, linatoa kwenye mizizi yake kemikali inayowazuia bakteria wa naitreti. Mwaka 2009 wakaitangaza kemikali hiyo, wakaiita brakialaktoni. Yaani jani limejifunza lenyewe kuipunguza naitrojeni kasi ili lisinyang'anywe na mvua. Kwa ng'ombe wa maziwa humidikola siyo jani bora, protini yake ni ndogo ukilinganisha na brakiaria nyingine, kwa hiyo sitamwambia mtu ang'oe matete yake. Kwa kingo za mbuga, pale ambapo matete yanaoza kwa maji na urea inageuka gesi, ndipo ningependa maofisa mifugo wetu wa halmashauri na watafiti wa taasisi ya utafiti wa mifugo, TALIRI, walijaribu hapa hapa Katavi.

Mikunde nayo isisahauliwe. Desmodiamu kati ya mistari ya matete inakamata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizi yake, na inaliwa na ng'ombe vizuri sana. Lusina na fiwi vilevile. Mikunde inataka fosfati, kama ambavyo matete yenyewe hayaifaidi urea yakikosa fosfati, kwa hiyo siku ya kupanda weka samadi na mbolea ya Minjingu shimoni. Hilo nalipita haraka, lina kipindi chake.

Kuna atakayesema: unatuchosha na vizibo, ng'ombe wa Katavi wako porini kwa maelfu, robo eka ya Nsemulwa itasaidia nini? Namjibu kwa heshima. Tangu miaka ya sabini na themanini wafugaji, wengi wao ndugu zetu Wasukuma, wamehamia huku kutafuta malisho, wakawakuta Wabende, Wapimbwe na Wakonongo. Ardhi haikuongezeka. Kila kiangazi tunasikia habari zile zile: ng'ombe ndani ya mpunga wa mtu, ng'ombe wamekamatwa hifadhini, watu wameumizana, mto Katuma umekauka na viboko wamejazana kwenye dimbwi la tope. Hakuna mtu anayemwingiza ng'ombe wake Hifadhi ya Katavi kwa kupenda. Anamwingiza mwezi wa Septemba kwa sababu hana kitu kingine cha kumpa.

Na ufumbuzi wake Wasukuma walikuja nao. Ngitili, ile sehemu ya malisho inayofungwa mvua zikinyesha na kufunguliwa kiangazi, ni elimu ya wazee wao. Mradi wa HASHI wa Shinyanga, ulioanza 1986, uliirudisha ngitili kwenye maelfu ya hekta zilizokuwa jangwa. Ngitili ya porini haiwekewi urea, ni kubwa mno na hasara itakuwa kubwa. Lakini mwenye ngitili ndogo karibu na boma, hata eka mbili, anaweza kuhamisha boma la ng'ombe juu yake kila baada ya wiki chache wakati wa kiangazi, mavi na mkojo vikaingia ardhini pale pale, na mvua ikija majani yanaota kwa nguvu nyingine kabisa. Akikata hei mwezi Aprili, majani yangali ya kijani na protini yake haijashuka, anayo ya Septemba.

Namalizia na usalama, na hapa naomba hata walio jikoni wasogeze redio. Baada ya kuweka urea usikate majani yale kwa wiki tatu nne. Na ukame ukikatisha ukuaji mara tu baada ya mbolea nyingi, subiri zaidi, kwa sababu naitreti inajikusanya kwenye mabua, na ng'ombe akiila kwa wingi damu yake inashindwa kubeba hewa. Ukimwona anahema kwa shida na ufizi umekuwa wa kahawia, muda ni mdogo, mwite daktari wa mifugo mara moja.

Mfuko wa urea ukae ndani, juu ya mbao, mdomo umefungwa, mlango una komeo. Ng'ombe anaipenda kwa kuwa anaiona kama chumvi, na akiilamba nyingi anakufa kwa amonia ndani ya saa chache, tumbo limejaa na misuli inatetemeka. Maji uliyoloweka mfuko mtupu yasimwagwe kwenye hori wala kwenye dimbwi la kunyweshea. Ikitokea ameilamba, anayeweza kumeza anyweshwe maji mengi ya baridi na lita kadhaa za siki wakati daktari yuko njiani. Siki hiyo inunuliwe siku ile ile unaponunua urea, ikae kwenye rafu moja na dawa za mifugo.